Bedsita za Njiru au fleti ya Kilimani? Anza na kinachobaki mkononi

Ndugu, umeuliza kama ukope shilingi milioni 4.2, yaani mara tatu ya akiba yako ya milioni 1.4 kwenye SACCO, ununue fleti ya chumba kimoja Kilimani, Nairobi, ambayo bado iko kwenye ramani (haijajengwa), au ujenge bedsita, yaani nyumba za chumba kimoja za kupangisha, kwenye kiwanja chako cha Njiru, pembeni mwa jiji. Mimi nina bedsita kumi Zimmerman, basi nitakujibu kwa hesabu ninayoipiga kila mwezi.

Kodi yangu ni 7,500 kwa nyumba. Ukizidisha kwa kumi unapata 75,000, na hapo ndipo wengi hukomea. Kwangu karibu kila mwezi kuna nyumba moja tupu: mtu amehama, ya kwake inapakwa rangi, mwingine hajapatikana. Kwa hiyo mimi huhesabu 67,500. Hapo KRA, mamlaka ya ushuru, huchukua asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopokea, bila kukupunguzia gharama yoyote, na unailipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. (Ilikuwa asilimia 10 hadi mwisho wa 2023. Inamhusu mwenye kodi ya kuanzia 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka.) Keateka, mtunzaji wa ploti, ni 9,000. Taka, stima ya ngazi na pampu ni 7,000. Natenga 5,000 za marekebisho, maana mabomba hayangoji. Nabaki na elfu 41 na kitu.

Sasa weka mkopo wako hapo. Milioni 4.2 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, miaka mitano, ni kama 93,400 kila mwezi. Hata fleti ya Kilimani ikikuletea 45,000, bado kuna zaidi ya 48,000 itakayotoka kwenye mshahara wako, na hujalipa ada ya huduma ya jengo. Na kwa kuwa bado haijajengwa, mkopo unalipwa na mpangaji hayupo. Usiichukue, nakusihi.

Njiru naiunga mkono, ila kwanza karatasi. Upande huo watu wengi wanashikilia cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, si hati miliki. Cheti hicho benki haikubali kama dhamana, na kiwanja kimoja kinaweza kuwa na wenyewe wawili. Kama una hati, fanya upekuzi kwenye Ardhisasa, mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, kisha mlete mpimaji aonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka. Kama kuna mto karibu, pima umbali. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 za mito, na tuliona nyumba za Mathare na Mukuru zikibomolewa. Ramani ipitishwe na kaunti kabla ya fundi kuchimba msingi.

Halafu maji. Hapa nitasema kwa nguvu, kwa sababu nimeona ploti nzuri zenye vigae zikikaa tupu huku ya jirani yenye kuta za kawaida imejaa. Mpangaji wa bedsita anatoka kazini usiku. Akikuta mfereji umekauka na lazima abebe mitungi ya lita 20 hadi ghorofa ya tatu, atavumilia mwezi mmoja, wa pili ataomba dipoziti yake. Maji ya Nairobi mengi hutoka Ndakaini, Murang'a, na huja kwa mgao. Kwa hiyo pangia matangi kabla ya vigae, nyumba kumi zipate angalau lita 10,000 za akiba, na uulize majirani bei ya boza, lori la kuuza maji. Uliza pia kama mfereji wa majitaka umefika. Kama haujafika, utachimba septiki na kumlipia mwenye lori la kunyonya, na hiyo ni gharama ya kila mara.

Ningekuwa wewe ningekopa nusu, milioni 2.1, ambayo ni kama 46,700 kwa mwezi, nikaweka msingi unaobeba ghorofa lakini nikajenga safu ya chini tu. Wapangaji wa kwanza wakae, uone kodi halisi ya mtaa huo, ndipo upande juu. Mita ya tokeni iwe ya kila nyumba tangu mwanzo. Ugomvi wa stima ya pamoja huvunja ploti.

Ukishapata majibu ya upekuzi na umbali kutoka kiwanjani hadi steji, yaandike hapa tuhesabu idadi ya vyumba.