Posho ya Safari, Mshahara na Akiba: Jibu kwa Dereva wa Trela wa Mombasa na Kampala

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni dereva wa trela mwenye umri wa miaka 38, na makao yangu ni Kampala. Kazi yangu ni kuchukua makontena bandarini Mombasa na kuyaleta Uganda, na mara chache natumwa Juba. Mshahara wangu ni shilingi 1,000,000 za Uganda, na baada ya kodi na makato ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, hunifikia karibu 750,000. Kwa kila safari ya Mombasa napewa posho ya shilingi 600,000 kwa chakula, malazi na mahitaji yangu ya njiani pamoja na ya utingo wangu, na kwa kawaida mwezi huwa na safari mbili. Nina watoto watatu shuleni, ambao ada yao kwa jumla ni shilingi 600,000 kwa muhula. Kila mwaka unakwisha nikiwa sina akiba ya maana. Naomba kuelezwa ni kiasi gani ninachoweza kuweka bila kuiumiza familia, na nikiweke wapi: kwenye simu, benki, SACCO (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) au NSSF? Wenzangu wananishauri ninunue kiwanja kwanza.

JIBU: Ndugu dereva, nashukuru kwamba umetaja takwimu zako, kwa sababu ndani yake mna jibu ambalo madereva wengi hawalioni. Kwa mwezi wenye safari mbili unashika posho ya shilingi 1,200,000, ilhali mshahara unaokufikia ni 750,000. Pesa inayopita mikononi mwako ukiwa barabarani ni nyingi kuliko ile inayoingia benki, lakini karibu kila dereva anayekuja kwangu kuomba ushauri huanza na mshahara na kuisahau posho. Nimesoma vitabu vya hesabu vya kampuni za malori kwa muda mrefu, na maoni yangu ni kwamba akiba ya dereva wa masafa marefu hupatikana au hupotea kwenye posho kabla mshahara haujaguswa.

Upotevu huo huanzia kwenye namna ya kuhesabu. Dereva huichukua posho kama kiasi cha safari nzima, wakati matumizi yake ni ya siku. Ukipanga kwenda na kurudi kwa siku 8, shilingi 600,000 ni sawa na 75,000 kwa siku kwa watu wawili, na kiasi hicho kinatosha kula vizuri na kubakiwa na kitu. Foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ikikushika, au kontena likichelewa kutoka bandarini, na safari ikafika siku 11, posho ileile inakuwa chini ya 55,000 kwa siku. Dereva aliyekwisha kutumia kwa kipimo cha 75,000 huishiwa siku tatu kabla ya kufika yadi, na hapo ndipo anapoupigia simu mshahara wake. Mara nyingi ni mama watoto anayeombwa arudishe sehemu ya pesa ya nyumbani, nayo nyumba ikikopa dukani, deni hilo linalipwa na mshahara wa mwezi unaofuata.

Kuchelewa si ajali adimu katika kazi yako, kwa hiyo kuwekewe bajeti kama chakula kinavyowekewa. Unakumbuka mwaka 2020, madereva walipokaa Malaba siku kadhaa wakisubiri majibu ya vipimo vya korona huku foleni ya malori ikienea kilomita nyingi. Mwezi Septemba mwaka 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa ukarabati, na malori mazito yanayokwenda kaskazini hadi Elegu, mpakani na Sudan Kusini, yalilazimika kuzunguka upande wa Mbale, Soroti na Lira. Hakuna dereva aliyeweza kuyazuia mambo hayo, lakini yule aliyekuwa na fungu la kuchelewa hakulazimika kukopa.

Kwa hiyo napendekeza posho ya shilingi 600,000 igawanywe siku ileile unapoipokea, kabla hujatoka yadi. Shilingi 100,000 ziende akiba papo hapo, kwenye akaunti ambayo huwezi kuifikia kwa urahisi ukiwa njiani. Shilingi 100,000 nyingine ziwe fungu la kuchelewa, usiloligusa mpaka siku ya tisa. Zinazobaki 400,000 ndizo za safari, yaani 50,000 kwa siku kwa siku 8, wewe na utingo. Safari ikimalizika kwa wakati, fungu la kuchelewa nalo linahamia akiba. Kuna madereva wanaosema wataweka akiba ya kile kitakachobaki mwishoni mwa safari, na mimi siutegemei utaratibu huo hata kidogo, kwa maana barabara hii ina wauzaji, marafiki na hoteli za kutosha kuhakikisha kwamba hakibaki kitu.

Je, shilingi 50,000 kwa siku zinatosha watu wawili? Zinatosha mkipika. Jiko dogo la gesi, sufuria mbili, jerikeni ya maji, mchele, maharage yaliyokwisha kuchemshwa nyumbani, unga na mukene (dagaa) mkavu vinaweza kuwalisha kwa siku kadhaa, na mlo wa hotelini ukabaki kuwa mara moja kwa siku au siku mnapochoka sana. Mpikie mahali salama palipotengwa, mbali na matangi ya mafuta, wala si ndani ya kabini. Jambo moja nisingependa ulibane ni usingizi. Kulala kwenye kabini katika maegesho yenye ulinzi hupunguza gharama na hakuna ubaya, lakini kuendesha usiku kucha kwa msaada wa miraa au vidonge ili kuokoa siku moja ya posho ni kuiweka rehani familia nzima kwa ajili ya shilingi 50,000.

Suala la kubadilisha pesa halizungumzwi vya kutosha. Mpakani, wabadilishaji hununua shilingi ya Kenya kwa bei moja na kuiuza kwa bei nyingine, na tofauti hiyo unailipa wewe. Ukibadilisha shilingi 10,000 za Kenya kwa bei iliyo pungufu kwa nusu shilingi ya Uganda, umepoteza shilingi 5,000 za Uganda hapo hapo, na ukifanya hivyo kwenda na kurudi, mara mbili kwa mwezi, hasara hiyo inakaribia 20,000. Badilisha kiasi cha matumizi ya Kenya mara moja tu, na shilingi za Kenya zitakazobaki uziweke kwa safari inayofuata, iwe kwenye laini yako ya Kenya au kwenye bahasha, badala ya kuzirudisha kuwa za Uganda. Kwa safari za Juba tahadhari ni kubwa zaidi, kwa kuwa pauni ya Sudan Kusini imeporomoka sana thamani katika miaka ya karibuni. Usirudi Elegu na pauni mfukoni ukitumaini kuzitumia baadaye.

Sasa tuje kwenye mshahara. Kati ya shilingi 750,000, tenga 150,000 kila mwezi kwa ada. Kwa mwaka zinafika 1,800,000, ambazo ni mihula mitatu ya 600,000 kamili, na hapo ada haitakuwa dharura tena kila shule zinapofunguliwa. Tenga 150,000 nyingine kwa akiba, na umwombe meneja wa benki aweke agizo la kudumu ili pesa hizo zihamishwe zenyewe siku ya mshahara, hata kama siku hiyo uko Mariakani. Zinazobaki 450,000 ni za nyumbani. Kaa na mama watoto mkubaliane kiasi hicho kwa uwazi, kisha umtumie mara moja au mara mbili kwa mwezi, wala si vipande vya 20,000 kila anapopiga simu. Sababu ni ya hesabu: tangu mwaka 2018 kutoa pesa kwa simu hukatwa kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa, juu ya ada ya kampuni ya simu, na ada hiyo hupangwa kwa viwango vinavyoufanya utoaji wa vipande vidogo kuwa ghali kuliko wa mkupuo. Kulipa dukani moja kwa moja kwa simu hakukatwi kodi hiyo ya kutoa, basi mzoeze nyumbani kulipa hivyo inapowezekana. Ikiwa una nyumba nyingine unayoitunza njiani, nayo iingie katika hesabu hii kwa jina lake na kiasi chake, maana gharama isiyoandikwa ndiyo inayovuruga mipango mingi ninayoiona.

Ukijumlisha 150,000 za mshahara na 200,000 za posho ya safari mbili, akiba yako ni 350,000 kwa mwezi, yaani 4,200,000 kwa mwaka, hata kabla ya kuhesabu mafungu ya kuchelewa yatakayosalia. Mwezi wenye safari moja utaweka 250,000, na usijaribu kulifidia pengo hilo kwa kupunguza pesa ya nyumbani.

Kuhusu mahali pa kuweka, miezi minne ya kwanza yote iende benki, katika akaunti tofauti na ile ya mshahara, hadi upate takriban 1,400,000. Kiasi hicho kinatosha matumizi ya nyumbani ya miezi mitatu ikiwa gari litasimama au utaugua. Benki nayo ina kinga ambayo SACCO haina: Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda hulipa hadi shilingi 10,000,000 kwa kila mteja endapo taasisi inayosimamiwa na Benki Kuu itafungwa. Pesa ya simu inafaa kwa matumizi ya wiki tu, kwa sababu iko karibu mno na kidole chako.

Baada ya hapo SACCO ina nafasi yake, hasa kwa mkopo wa riba nafuu. Kabla ya kujiunga, omba kuona leseni yake na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, na uulize mwanachama anayejitoa hulipwa baada ya muda gani. Wakikuonyesha majengo na fulana badala ya hesabu, ondoka.

Kwa pesa usiyoihitaji kwa miaka kadhaa, zifikirie hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa muda maalumu nayo ikakulipa riba. Unaweza kuanza na shilingi 100,000 kupitia benki ya biashara, riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na kodi hukatwa kwenye riba hiyo: asilimia 20 kwa hati za chini ya miaka 10, na asilimia 10 kwa zile za miaka 10 au zaidi. Zinamfaa dereva kwa kuwa hazihitaji msimamizi wakati uko safarini, tofauti na duka au bodaboda ulizomkabidhi ndugu. Hata hivyo, ukilazimika kuiuza hati kabla ya muda wake, bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia, ndiyo maana fungu la dharura linatangulia.

NSSF haisubiri uamuzi wako, kwani ni wajibu wa kisheria. Unachangia asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Kwa mshahara wako hizo ni 150,000 kila mwezi, na 100,000 kati yake si makato yako. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yalimlazimu kila mwajiri kuchangia, hata mwenye wafanyakazi wachache, na yakamruhusu mwanachama aliyefika miaka 45 na aliyechangia angalau miaka 10 kuchukua asilimia 20 ya akiba yake kabla ya uzeeni. Wewe una miaka 7 kufikia hapo. Angalia taarifa yako mara kwa mara kwa simu, kwa sababu wapo waajiri wanaokata bila kuwasilisha, na deni la miezi miwili ni rahisi kulidai kuliko la miaka sita.

Linda pia mshahara usikatwe bila hoja. Makato ya upungufu wa mafuta huwaumiza madereva wasioandika, hivyo kila unapojaza andika kilomita na lita na uhifadhi risiti. Trela lenye mzigo mzito hutumia takriban lita moja kwa kila kilomita mbili, na daftari lako ndilo litakalothibitisha kwamba mlima au foleni ndiyo iliyokula zaidi. Dai pia hati ya malipo inayoonyesha kila kato. Nami nakuomba kwa moyo wote usiihesabu kamwe dizeli ya kuuza au abiria wa njiani kama sehemu ya mapato yako. Ukikamatwa unapoteza kazi pamoja na jina lako kwa waajiri wengine, na mpango wote huu unasimama juu ya kazi hiyo.

Kiwanja sikipingi, ila si cha kwanza. Subiri fungu la dharura litimie na uwe na likizo ya kulifuatilia jambo hilo mwenyewe: kwenda ofisi ya ardhi kuchunguza hati, kuonana na majirani na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na, ikiwa unauziwa kibanja kwenye ardhi ya mailo, yaani ardhi yenye mmiliki wake mwenye hati, kumwona mwenye ardhi huyo, kwa sababu kibanja ni haki ya kukaa wala si umiliki wa ardhi yenyewe. Usimtumie mtu pesa ya kiwanja ukiwa Mombasa.