Kwa mawakili wapya mnaoutazama ubunge: lisomeni faili la Awolowo

Kila mwaka, wiki chache baada ya mawakili wapya kuapishwa, napigiwa simu na mmoja au wawili kati ya vijana waliopita ofisini kwangu kwa mafunzo ya vitendo. Hawaniulizi kesi. Wananiuliza wakachukue fomu lini. Joho bado lina mikunjo ya dukani na mtu keshachagua jimbo. Siwalaumu, maana na mimi niliugua ugonjwa huohuo. Mwaka wangu wa sita katika uwakili nilirudi kijijini kuomba udiwani. Nikajieleza mbele ya wajumbe kama niliyesimama mbele ya majaji watatu: hoja ya kwanza, hoja ya pili, na katika mbadala wake hoja ya tatu. Nikapata kura nne. Wajumbe si watu wazuri, mnaujua wimbo huo, lakini siku ile kosa halikuwa lao.

Tangu hapo, anayeniuliza habari za siasa namwambia kwanza akamsome Obafemi Awolowo wa Nigeria. Simpendekezi kwa ushindi wake. Aliutaka uongozi wa Nigeria yote na hakuupata. Aligombea urais mwaka 1979 na tena 1983, akafariki Mei 1987, na anakumbukwa kama rais bora ambaye Nigeria haikumpata. Nampendekeza kwa sababu katika maisha yake utaona wazi sheria inampa mwanasiasa nini, na inamwacha njia panda mahali gani.

Tuanze na umri, kwa kuwa mna haraka. Awolowo alizaliwa Ikenne, katika nchi ya Wayoruba, kusini-magharibi mwa Nigeria, tarehe 6 Machi 1909, akafiwa na baba yake akiwa bado mtoto. Kabla ya kuwa wakili alikuwa mwalimu, karani, mpiga chapa wa hati mkato, mwandishi wa habari, mnunuzi wa kakao na msafirishaji. Biashara ilimwingiza kwenye madeni. Akasoma shahada ya biashara ya University of London kwa njia ya posta, akaipata mwaka 1944, ndipo akafunga safari ya London kusomea sheria. Mkewe, Hannah, alibaki na watoto na biashara zake. Alipokubaliwa kuwa wakili, Novemba 1946, alikuwa na miaka 37.

Nikisema hivi, vijana hudhani nawaambia wasubiri. Sijasema hivyo. Angalieni tu kwamba mtu aliyefungua ofisi ya uwakili katika mji wa Ibadan, hukohuko magharibi, alishakaa upande wa mdaiwa, upande wa karani anayeandika maneno ya wakubwa, na upande wa dereva wa lori. Mteja akieleza shida yake hakuhitaji kutafsiriwa. Mimi nilipokwenda kwa wale wajumbe nilijua sheria ya ardhi kifungu kwa kifungu, ila sikujua mbolea mwaka ule inauzwa shilingi ngapi. Mmoja aliniuliza. Nikamjibu kuhusu sera.

Jambo la pili ni mpangilio wa mambo. Mwaka 1945, akiwa bado mwanafunzi London, alishiriki kuanzisha Egbe Omo Oduduwa, jumuiya ya utamaduni ya Wayoruba. Mwaka 1949 akaanzisha gazeti, Nigerian Tribune, ambalo linachapishwa hadi leo. Chama chake cha Action Group kikaja mwaka 1951. Kwa hiyo alipoanza kuomba kura alikuwa na taaluma inayomlisha, watu waliokwisha kukutana, na mahali pa kusemea. Wengi wetu tunaanzia mwisho: tunachukua fomu kwanza, halafu tunatafuta watu.

Lakini msingi huo ulikuwa na ufa wake, na sitauficha. Jumuiya iliyompa nguvu Ibadan ilimfanya aonekane mtu wa Wayoruba peke yao alipotoka nje ya magharibi. Miaka thelathini baadaye alikuwa bado anahangaika na sura hiyo kaskazini na mashariki. Ukijijenga kwa watu wa kwenu, jua mapema kwamba kuna siku utahitaji wasio wa kwenu.

Kazi yake ya serikali nitaipita haraka, ingawa ndiyo inayosifiwa zaidi. Akiwa Waziri Mkuu wa Jimbo la Magharibi kuanzia 1954 hadi 1959, alileta elimu ya msingi bila ada. Shule zilifunguliwa kwa mpango huo Januari 1955, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka kama 457,000 hadi zaidi ya 811,000 ndani ya mwaka. Kinachosahaulika ni kwamba jambo hili liliendana na kodi mpya, na katika uchaguzi wa shirikisho wa 1954 chama chake kilishindwa na chama pinzani cha NCNC nyumbani kwake mwenyewe. Hakurudi nyuma. Uchaguzi wa jimbo wa 1956 akashinda. Wakili huzoea kwamba hukumu ikitoka, mambo yamekwisha. Katika siasa wananchi hukuhukumu kwa kodi kabla hawajaiona shule.

Sasa tufike mahakamani. Mwaka 1962 chama chake kilipasuka, naibu wake Samuel Akintola akawa upande wa pili, serikali ya shirikisho ikatangaza hali ya hatari Magharibi. Kabla mwaka haujaisha Awolowo, aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani bungeni, alishitakiwa kwa njama za kuipindua serikali. Katiba ilimpa mshitakiwa haki ya kutetewa na wakili anayemchagua mwenyewe. Akamchagua E.F.N. Gratiaen, wakili mwandamizi kutoka Uingereza. Waziri wa Mambo ya Ndani akamkataza Gratiaen kuingia Nigeria. Awolowo akaenda mahakamani kudai haki yake ya kikatiba, akashindwa: wakili unayemchagua, mahakama ilisema kwa maana hiyo, awe ni mtu anayeweza kuingia nchini. Yaani haki ilikuwepo katika katiba, na mlango wake ulikuwa kwenye sheria ya uhamiaji.

Namwomba kila mwanafunzi wangu akae na jambo hilo jioni nzima. Chuoni tunafundishwa kusoma kifungu kinachotoa haki. Ofisini utajifunza kutafuta, katika sheria nyingine kabisa, kifungu kinachoinyima pumzi.

Akajitetea mwenyewe. Julai 1963, kesi ikiendelea, mwanawe Segun, ambaye naye alikuwa wakili, alifariki katika ajali ya gari. Tarehe 11 Septemba, Jaji Sodeinde Sowemimo alimhukumu kifungo cha miaka kumi, akisema mikono yake imefungwa. Alitoka gerezani Calabar Agosti 1966, baada ya mapinduzi ya pili ya kijeshi mwaka ule. Hakuna rufaa iliyomtoa. Alitolewa kwa msamaha wa Yakubu Gowon, mkuu mpya wa serikali ya kijeshi. Mwaka uliofuata alikuwa kamishna wa fedha wa serikali hiyohiyo ya Gowon.

Nimefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, na mnivumilie, ina hesabu.

Uchaguzi wa rais wa tarehe 11 Agosti 1979 ulimpa Shehu Shagari kura 5,688,857 na Awolowo 4,916,651. Wingi wa kura peke yake haukutosha. Sheria ilitaka mshindi apate pia angalau robo ya kura katika kila moja ya angalau theluthi mbili ya majimbo yote. Majimbo yalikuwa 19. Theluthi mbili ya 19 ni 12 na theluthi mbili. Shagari alikuwa na robo katika majimbo 12. Kambi ya Awolowo ikasema jimbo halikatwi vipande, kwa hiyo yanatakiwa 13. Kambi ya Shagari, ikisemewa na wakili Richard Akinjide, ikasema theluthi mbili ya jimbo la kumi na tatu inatosha.

Jimbo hilo lilikuwa Kano. Zilipigwa kura 1,220,763, na Shagari akapata 243,423, kama asilimia 19.9. Haifiki robo. Ila ukichukua theluthi mbili ya kura zote za Kano, unapata 813,842, na robo yake ni kama 203,460. Kura 243,423 zinavuka hapo. Tume ya uchaguzi ikamtangaza Shagari.

Chukueni kalamu. Ukikata kura za Kano hadi theluthi mbili, kwa nini kura za Shagari zisikatwe pia? Theluthi mbili ya 243,423 ni 162,282. Gawanya kwa 813,842, unarudi kwenye asilimia 19.9 ileile. Chini pamekatwa, juu pameachwa pazima.

Pamoja na hayo, tarehe 26 Septemba 1979 Mahakama ya Juu ilimkatalia Awolowo. Jaji Kayode Eso alipinga. Jaji Andrews Obaseki alikubali kwamba yanatakiwa majimbo 13, lakini naye akaikataa rufaa, kwa kuona kwamba sheria ilifuatwa kwa kiasi cha kutosha. Siku tano baadaye Shagari akaapishwa, na Akinjide akawa Mwanasheria Mkuu na Waziri wa Sheria.

Niliwahi kupoteza rufaa ya shamba la mjane mmoja kwa kuhesabu vibaya siku za kuwasilisha. Nilianza kuhesabu siku isiyostahili. Yule mama hakunigombeza, na mpaka leo ningependa angenigomba. Kwa hiyo nikiwaambia mhesabu wenyewe, msimwachie karani, naujua uchungu wake. Ila Awolowo alihesabu sawasawa. Alikuwa na mawakili wazuri na hesabu safi, na muda wa jeshi, lililokuwa bado linatawala, kukabidhi madaraka kwa raia ulikuwa unaisha tarehe 1 Oktoba. Wakili anayeingia siasa akidhani hoja bora inashinda kwa kuwa ni bora, kesi hii imeandikwa kwa ajili yake.

Nigeria ya leo ina majimbo 36, na theluthi mbili yake ni 24 kamili, hakuna kipande kinachobaki. Katiba ya 1999 imeweka sharti lilelile la robo, ikaongeza maneno "na Eneo la Mji Mkuu wa Shirikisho, Abuja". Mwaka 2023 Bola Tinubu alitangazwa mshindi wa urais bila kufikisha robo Abuja. Wapinzani wakaenda mahakamani, safari hii kubishania neno "na": kama robo ya Abuja ni sharti la peke yake. Mahakama ya Juu ikawakatalia tarehe 26 Oktoba. Hukumu hiyo mtaisoma baada ya ile ya 1979, kwa mpangilio huo, halafu ndiyo mnipigie kuhusu fomu.