Jibu: Tovuti ya umma na huduma ya funguo kwenye seva moja, je, KVM inatosha?

Aliyeuliza anataka kutumia KVM, sehemu ya Linux ya kuendesha mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya kompyuta halisi), aweke mashine pepe mbili kwenye seva moja: ya tovuti ya umma na ya kusaini kwa funguo za siri. Inawezekana, ila si kwa mipangilio ya mwanzo.

Wengi huiogopa kerneli (kiini cha mfumo endeshi), lakini haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe) huvuja zaidi kupitia vifaa vya kuigiza. Kosa la VENOM, lililogunduliwa 2015, lilikuwa kwenye QEMU, programu inayoigiza vifaa vya mashine pepe, katika sehemu inayoiga kidhibiti cha flopi, nalo lilikuwemo tangu 2004. Hata aliyeiondoa flopi kwenye mipangilio hakupona, kwa sababu kidhibiti kilibaki hai. Kwa hiyo tumia `virsh edit` (amri ya kuhariri mipangilio ya mashine pepe) ufute kadi ya sauti, skrini, USB na folda za pamoja kwenye mashine ya funguo. Ibaki diski ya virtio (aina iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine pepe), kadi moja ya mtandao na konsoli ya serial. Kama mwenyeji (seva yenyewe) ana SELinux, ulinzi wa Linux unaoipa kila programu lebo ya ruhusa, endesha `ps -eZ | grep qemu`: kila mchakato uwe na jozi yake ya namba za c mwishoni mwa lebo. Zikifanana, QEMU iliyotekwa inaweza kusoma diski ya jirani.

Kwenye prosesa, zima SMT (kiini kimoja kuendesha nyuzi mbili za kazi kwa pamoja) kwa kuongeza `mitigations=auto,nosmt` kwenye amri ya kuwasha kerneli, kisha hakikisha `/sys/devices/system/cpu/smt/active` inaonyesha 0. Udhaifu wa L1TF wa 2018 ulionyesha kwamba nyuzi mbili za kiini kimoja, kwa kuwa zinatumia kashe moja ya L1 (kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya kiini), zinaweza kuibiana data. Ikiwa `mitigations=auto` peke yake, SMT hubaki imewashwa. Utapoteza kasi, na kwa mashine ya funguo ni hasara ya kukubali.

KSM, huduma ya kerneli inayounganisha kurasa za kumbukumbu zinazofanana, nayo izimwe: `echo 2 > /sys/kernel/mm/ksm/run`. Ukiandika 0, kurasa za kumbukumbu zilizokwisha kuunganishwa hubaki hivyo hivyo, na jirani anaweza kupima muda wa kuandika akajua una ukurasa gani. Zima pia ksmtuned, programu inayoisimamia KSM, la sivyo itaiwasha tena.

Ukiikabidhi mashine kadi halisi ya mtandao, angalia `/sys/kernel/iommu_groups`, orodha ya makundi ya vifaa ambavyo maunzi hayawezi kuvitenganisha. Vifaa vya kundi moja huhama pamoja. Usitumie kiraka cha ACS (badiliko la kerneli la kulazimisha mgawanyo) kuyagawa makundi hayo, maana kinaiambia kerneli kuna utengano ambao maunzi hayana.

Jambo linalosahaulika sana ni nakala za hali (snapshot) zinazohifadhi pia kumbukumbu ya mashine inayoendelea kufanya kazi. Kwanza, faili ya nakala hiyo ina ufunguo wa siri wazi. Pili, ukiirejesha mara mbili, programu inaweza kutoa namba ile ile ya nasibu, na kwenye ECDSA (njia ya kusaini kidijitali) sahihi mbili za jumbe tofauti zenye namba moja hutosha kukokotoa ufunguo. Linux 5.18 na kuendelea husoma vmgenid, kitambulisho kinachobadilika mashine inaporejeshwa kutoka kwenye nakala, na kuchanganya upya nasibu ya kerneli, mradi umeweka `<genid/>` kwenye XML, lakini maktaba yenye jenereta yake ndani ya programu huenda isijue lolote. Nakili diski tu, mashine ikiwa imezimwa.