Vinasaba vinasaidia nini kuokoa sili?

Umeuliza kwa nini watu wahangaike na DNA wakati sili, wale wanyama wa majini wanaonyonyesha, wanakufa kwa nyavu na njaa. Vinasaba havizuii nyavu, ni kweli, ila vinakuambia uamuzi upi ni salama.

Chukua sili mtawa wa Hawaii, ambao wamebaki kama 1,600 hivi. Mtoto wa sili akitobolewa pezi la nyuma ili awekewe kitambulisho cha plastiki, kile kijipande cha ngozi kinachotoka hapo hapo ndicho kinachopelekwa maabara. Majibu yalionyesha mambo mawili. Kwanza, kutoka visiwa vya kaskazini-magharibi hadi visiwa vikuu, wote ni jamii moja inayochanganyika. Kwa hiyo kuhamisha watoto walioachishwa kunyonya kutoka kisiwa ambako wengi hufa, kwa papa au kwa njaa, kuwapeleka penye nafuu hakuharibu ukoo wowote wa pekee. Na wamehamishwa kweli.

Pili, na hili ndilo linanitisha zaidi: tofauti za vinasaba kati yao ni ndogo mno, hata kwenye jeni za kinga. Ugonjwa mmoja ukiingia, huenda ukawafagia. Ndiyo maana tangu 2016 wanachanjwa dhidi ya virusi vya morbilli, jamaa wa virusi vya surua.

Usinakili huko kuhamisha kila mahali, lakini. Sili wa ziwa Saimaa, Finland, wamegawanyika kivinasaba ndani ya ziwa hilo hilo moja, kwa hiyo kule kumhamisha hata mmoja kunahitaji hesabu nyingine kabisa.