Cherehani ya turubai usiinunue kwa sura

Dada mmoja wa Moshi ameniandikia: kaonyeshwa Juki DDL-8700 iliyotumika, bei nzuri, na muuzaji anaapa kwamba itashona turubai. Dada yangu, iache. Ile ni mashine ya mashati na sare za shule. Turubai likikunjwa mara nne, meno yanavuta safu ya chini tu, ya juu inabaki nyuma, mshono unaishia kukunjamana.

Nasema haya nikiwa na maringo kidogo, mnivumilie. Wiki iliyopita nimekabidhi mahema ya kambi moja huko Karatu, na mteja kaongeza oda ya siti za Land Cruiser. Nilipoanza pale Ngarenaro, Arusha, fundi jirani alikuwa anawaambia wateja kwamba mwanamke haliwezi turubai, nibaki na magauni ya kipaimara. Sijasahau. Nikipita na mzigo mlangoni kwake huwa namsalimia kwa sauti.

Kilichonibeba ni Juki LU-563 kuukuu, rangi imebanduka, wenzangu waliiangalia wakaipita. Sindano yake inatembea pamoja na kitambaa, na juu ina miguu miwili inayopokezana: mmoja unakanyaga, mwingine unasogea. Hicho ndicho cha kutafuta. Pfaff 545 na Consew 206RB ni ukoo huohuo.

Muuzaji alinipa kitambaa laini cha kujaribia, nikakataa. Nilikuwa na vipande vyangu vya turubai, uzi mnene na sindano mpya namba 22. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, nikisikiliza kama kuna mahali linakwama. Kisha nikashona kuvuka pindo, maana mashine iliyochoka huruka mshono hapo. Ikiruka hata kwa sindano mpya, pengine ni mpangilio tu, fundi anarekebisha. Lakini kama ncha ya ndoana inayodaka uzi imelika, ndoana hiyo itabidi ununue mpya.

Mabinti, acheni kutuma hela kwa sababu ya picha ya WhatsApp! Nendeni na vitambaa vyenu, kaeni kwenye kiti, shoneni mpaka muuzaji achoke.

Mota isikutishe. Nyingi zinakuja za umeme wa njia tatu, volti 380, na vibanda vyetu vina njia moja. Kichwa cha mashine kikiwa kizima, mota inabadilishwa. Mimi nilifunga ya servo. Inakaa kimya mpaka nikanyage, si kama ya klachi inayonguruma na kula LUKU hata ukiwa unapiga soga na mteja.