Usiishie kwenye Devanagari

Msomaji mmoja ameniandikia kwa furaha kwamba amemaliza kujifunza Devanagari, hati inayotumika zaidi leo kuandikia Kisanskrit, lugha ya kale ya India, na kwamba sasa kilichobaki katika lugha hiyo ni sarufi tu. Nampongeza, lakini kama anataka, kama tunavyotaka sote, kuisoma miswada yenyewe, yaani nakala za kale zilizoandikwa kwa mkono, basi bado hajafika hata nusu ya njia.

Nasema hivyo kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa nasoma India, mwalimu mmoja alinitamkia mbele ya darasa kwamba mgeni kutoka Afrika atosheke na vitabu vilivyochapishwa, kwa kuwa Grantha, hati ya kale ya kusini mwa India, huwashinda hata wenyeji. Sikumjibu. Mwezi huu nimekamilisha kunakili fungu zima la majani ya mvumo yaliyoandikwa kwa Grantha, na sitaficha kwamba ningependa habari hizo zimfikie.

Kisanskrit hakijawahi kufungwa na hati moja. Kashmir walikiandika kwa Sharada, Bengal kwa Kibengali, Kerala kwa Kimalayalam, kama vile tenzi zetu zilivyoandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini. Watamil wa kusini walihitaji Grantha kwa sababu hati yao ya kawaida ina herufi moja tu kwa ka, kha, ga na gha, sauti ambazo Kisanskrit huzitenganisha. Ni mitambo ya uchapaji iliyoipa Devanagari enzi iliyo nayo leo.

Anayejua Devanagari peke yake husoma kile ambacho wengine wamekwisha kumchagulia. Arthashastra, kitabu cha kale cha utawala kilichodhaniwa kuwa kimepotea, kilitambuliwa mjini Mysore, kusini mwa India, mwaka 1905 katika muswada wa Grantha, na mtaalamu R. Shamasastry akakichapisha mwaka 1909. Wataalamu wa mji wa Pune walioihariri Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa India, kati ya 1919 na 1966 waliigawa miswada yake kwa kufuata hati, na mhariri wao mkuu, V. S. Sukthankar, akaona kwamba ile ya Devanagari ndiyo iliyochanganyika zaidi, kwa kuwa hati hiyo ilisomwa karibu kila mahali na wanakili waliweza kuingiza humo beti kutoka pande zote. Sharada, iliyojifungia milimani, ilihifadhi matini fupi na ya kale zaidi. Hati inayowarahisishia watu kusoma ndiyo hiyo hiyo iliyoyavuruga maandishi, nanyi bado mnaniuliza kwa nini nasisitiza!

Basi nakilini kwa mkono. Chagueni matini mnayoijua kwa moyo, muinakili kwa hati mpya mpaka vidole vizoee, kisha mnakili tena. Kutazama majedwali ya herufi kwenye simu si kujifunza. Kwenye majani ya mvumo maneno hayaachiwi nafasi, herufi zimechanjwa kwa ncha ya chuma na kupakwa masizi, na mahali masizi yalipofutika ni mkono uliozoea kuandika unaotambua mkunjo.

Anayependa maandishi ya kusini aanze na Grantha, kwa kuwa hati ya Kimalayalam imetokana nayo na itamjia kwa wepesi. Atakayeelekea Bengal ajihadhari na herufi moja inayobeba ba na va, kwa maana hapo ni sarufi na maana ya ubeti tu zitakazomwambia ni sauti ipi iliyokusudiwa.