Aliyegharamia uwanja wa Olimpiki ya 1896

Aliyegharamia uwanja wa Athens uliotumika kwa Olimpiki ya 1896 ni Georgios Averoff. Watu huuliza kama alikuwa Mvlaki, yaani Muaromania, mtu wa jamii yenye lugha yake ya Kiaromania; na ndiyo, alikuwa. Kwao ni Metsovo, mji wa milimani kaskazini mwa Ugiriki ambako wazee bado wanazungumza Kiaromania, lugha iliyotokana na Kilatini. Utajiri aliuchuma Misri, kwa biashara yake pale Alexandria. Ndizo fedha zilizoufunika uwanja wa kale wa Athens kwa marumaru nyeupe, na sanamu yake ipo pale nje mpaka leo, ukifika utaiona. Wasia wake pia ulichangia kununua meli ya kivita iliyopewa jina lake. Ila Wagiriki humhesabu Mgiriki, nao hawakosei: mwenyewe aliipenda Ugiriki kwa moyo wote.